Zana za mtandaoni kwa vikundi na biashara ndogo Tanzania

Zana za mtandaoni kwa vikundi na biashara ndogo ni mifumo ya kompyuta, huduma za simu na mafunzo ya intaneti yanayotumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa, asasi za kijamii na wajasiriamali wadogo nchini Tanzania. Nyingine ni za hiari. Nyingine, hasa za serikali, zimekuwa mlango wa lazima: asiyeweza kuupita hukosa usajili, mkopo au zabuni.

== Mazingira ==
Runzewe ni mfano mzuri. Ni mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Bukombe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Nyakanazi. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Watu wa eneo hilo hulima, hufuga nyuki, hufanya biashara na huchimba dhahabu kwa uchimbaji mdogo. Makao makuu ya wilaya yako Ushirombo, kwa hiyo kila fomu inayoweza kujazwa kwa simu huokoa nauli na siku ya kazi.

== Usajili na mikopo ==
Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2018. Mwombaji anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa na TRA bila malipo. Anayetozwa fedha kwa ajili yake amelipia huduma ya mtu wa kati, si namba yenyewe. Wachimbaji wadogo huomba leseni kupitia mfumo wa Tume ya Madini. Leseni hiyo hudumu miaka saba na hutolewa kwa Watanzania tu.

Jambo linalogusa vikundi vingi zaidi ni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Serikali iliusimamisha mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, zikiwemo fedha ambazo hazikurejeshwa, kisha ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya ambao maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Hata hivyo safari bado huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kisicho na katiba, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki hakitasaidiwa na kompyuta.

Mwaka 2023 ulianza pia kutumika mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma. Sheria hutenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za serikali kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, lakini kikundi kisichosajiliwa humo hakiwezi kuomba zabuni hizo.

== Kutunza fedha ==
M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2019 ikaongezwa M-Koba, huduma ya akiba ya kikundi inayotumika hata kwa simu ya kitochi bila bando. Kwa wanachama waliozoea kuona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, faida yake ni kwamba fedha hazilali nyumbani kwa mtu. Daftari halipaswi kutupwa: simu hueleza kiasi kilichoingia, si makubaliano ya kikao.

== Hatari ==
Wengi hawana simu janja, hivyo huenda steshenari na kumwachia mhudumu kazi yote. Mara nyingi mhudumu hufungua akaunti kwa baruapepe yake na neno la siri analolijua yeye. Siku anapohama mji, kikundi hakiwezi kusahihisha fomu wala kuona majibu ya maombi. Dawa yake ni rahisi: baruapepe iwe ya kikundi, ifunguliwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kiongozi, na neno la siri liandikwe na kutunzwa na viongozi wawili. Kiongozi akibadilika, nalo libadilishwe.

Ujumbe wa utapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040, na kupiga *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu.

== Kujifunza ==
Kiswahili si kikwazo kikubwa kama zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo LibreOffice hupatikana bure na hutosha kwa hesabu za kikundi. Access Agriculture hutoa video za kilimo na ufugaji, nyingi zikiwa na sauti ya Kiswahili, ambazo hupakuliwa mara moja na kuonyeshwa kwa wanachama wote bila intaneti. Kipindi cha Kenya cha Shamba Shape Up kiko YouTube. Mafunzo ya ana kwa ana hutolewa na VETA na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kozi nyingi za bure za biashara kutoka nje ya nchi bado ni za Kiingereza.