Mifuko ya hisa inayolipa kila mwezi: fedha hutoka wapi?

Katika masoko ya mitaji ya Marekani, mifuko ya hisa inayowalipa wawekezaji kila mwezi imejipatia wafuasi wengi, hasa wastaafu. Baadhi ya mifuko hiyo hutoa asilimia 10 au zaidi kwa mwaka, ilhali gawio la kawaida la kampuni kubwa zilizomo katika faharisi ya S&P 500 halifiki asilimia 2. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba hisa zao ni bora zaidi. Mifuko hiyo huuza sehemu ya faida ya kesho ili ipate fedha taslimu leo.

Namna inavyofanya kazi

Mfuko hununua hisa, kisha humuuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua kwa bei iliyopangwa, katika muda uliowekwa. Mnunuzi hulipa ada ambayo hairudishwi hata kama haki hiyo haikutumika. Mikataba ya aina hii ilianza kuuzwa katika soko rasmi mjini Chicago mwaka 1973.

Tuseme hisa ina thamani ya dola 100, nayo haki ya kuinunua kwa dola 103 ndani ya mwezi mmoja imeuzwa kwa dola 2. Bei isipobadilika, mfuko hubaki na hisa pamoja na dola 2. Bei ikipanda hadi dola 115, mfuko hulazimika kuitoa hisa kwa dola 103, hivyo huambulia dola 105 tu. Bei ikishuka hadi dola 85, mfuko hubaki na jumla ya dola 87. Faida ina kikomo, lakini hasara karibu yote humwangukia mwenye mfuko.

Mafunzo ya miaka miwili

Mfuko wa QYLD wa kampuni ya Global X, unaofuata hisa za Nasdaq-100, ulianzishwa mwaka 2013. JEPI wa benki ya JPMorgan ulifuata Mei 2020.

Mwaka 2022, S&P 500 ilipoteza takriban asilimia 18, magawio yakiwemo. JEPI, ambao pia huchagua hisa zisizoyumba sana, ulipoteza chini ya asilimia 4. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka: faharisi ilipanda kwa takriban asilimia 26, JEPI ukapata takriban asilimia 10.

QYLD unaonyesha hatari nyingine. Kipande chake kilianza kwa takriban dola 25. Mwishoni mwa 2023 kilikuwa chini ya dola 18. Mwekezaji alilipwa kila mwezi, lakini aliyetumia malipo yote alibaki na mtaji uliopungua.

Malipo si riba

Mfuko ukilipa dola 12 kwa kila dola 100 kwa mwaka, na bei ya kipande ikashuka hadi dola 90, faida halisi ni dola 2. Isitoshe, malipo hubadilika kila mwezi kwa sababu ada huongezeka soko linapotikisika na hupungua linapotulia. Wakati mwingine sehemu ya malipo huhesabiwa kuwa ni marejesho ya mtaji wa mwekezaji mwenyewe.

Kwa wanaowekeza kutoka nje, Marekani kwa kawaida hukata asilimia 30 ya gawio pale pasipo na mkataba wa kodi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo.

Kabla ya kununua, mwekezaji hana budi kuangalia jumla ya faida ya miaka kadhaa, yaani malipo pamoja na mabadiliko ya bei, kisha ailinganishe na mfuko wa kawaida wa hisa hizohizo. Kwa mstaafu asiye na pato jingine, ulinganisho huo ndio utakaomwonyesha kama anaishi kwa faida au anakula akiba yake.