Kabla hujanunua NAS: faida na hasara zake kwa ofisi ndogo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la biashara nyingi hapa Mombasa limo ndani ya kompyuta: ankara, risiti, mikataba, nakala za vitambulisho vya wateja, hata picha za mizigo. Je, wewe daftari lako unaliweka wapi?

Mimi naendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Tuko watu sita. Kwa muda mrefu kila mmoja aliweka faili kwenye laptopu yake. Mteja akiulizia hati ya shehena ya mwaka jana, tunaanza kupigiana simu: iko kwa nani? Moja iko kwenye flashi, nyingine WhatsApp, nyingine iliondoka na mfanyakazi aliyeacha kazi. Ndipo fundi akatushauri tununue NAS. Imetufaa, lakini pia imewahi kuniliza. Nayaandika haya ili anayetaka kuinunua ajue pande zote mbili.

NAS ni nini?

Hizo ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza lenye maana ya hifadhi iliyounganishwa na mtandao. Kwa macho ni sanduku dogo, kama kasha la viatu. Ndani mna kompyuta ndogo na nafasi za diski mbili, nne au zaidi. Unalichomeka kwa kebo kwenye rauta ya ofisi, na kila uliyemruhusu anafungua faili zilezile kutoka kwenye kompyuta yake. Synology na QNAP ni miongoni mwa kampuni zinazoyatengeneza. Mara nyingi sanduku huuzwa tupu, diski unanunua kando.

Diski hizo hupangwa kwa utaratibu uitwao RAID. Ukiweka mbili za terabaiti 4 katika RAID 1, unapata nafasi ya terabaiti 4 pekee, kwa sababu kila kitu huandikwa kwenye zote mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Ukiweka nne za ukubwa huo katika RAID 5, unapata kama terabaiti 12, na diski moja ikifa faili zako bado zipo.

Faida zake

Kwanza, daftari linakuwa moja. Hakuna tena kubishana nani ana ankara ya mwisho.

Pili, unagawa ruhusa. Mhasibu anaona mishahara, karani haioni. Hili si jambo dogo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

Tatu, faili ziko ofisini, hivyo kuzifungua hakutegemei intaneti. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchini. Sisi barua pepe zilitusumbua, lakini faili zetu tulizifungua kama kawaida.

Nne, unalipia kifaa mara moja. Hifadhi ya wingu hulipiwa kila mwezi, na mara nyingi kwa kila mfanyakazi.

Hasara zake

Gharama ya kuanzia ni kubwa: sanduku, diski, na fundi wa kupanga. Ofisi ya watu wawili huenda ikaona wingu ni nafuu.

Stima nayo. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. NAS ikizimika ghafla huku inaandika, faili zinaweza kuharibika. Nunua UPS, uiunganishe na NAS ili betri ikikaribia kwisha ijizime yenyewe taratibu.

Kisha kuna hali yetu ya pwani. Joto hufupisha maisha ya diski, na upepo wa chumvi hula vyuma. Usiiweke dirishani wala usiifungie kabatini bila hewa.

Wezi wa mtandaoni pia wanazijua. Aprili 2021 shambulio lililoitwa Qlocker liliingia kwenye vifaa vya QNAP vilivyoachwa wazi kwa intaneti, likafunga faili za wenyewe na kudai malipo ya bitcoin. Januari 2022 likaja jingine, DeadBolt. Kwa hivyo usiifungulie NAS mlango wa moja kwa moja kutoka nje. Anayefanyia kazi nyumbani apitie VPN. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa, na usiahirishe masasisho ya programu.

Kosa langu

Kubwa kuliko yote ni kwamba niliamini diski mbili ni akiba. Asubuhi moja kijana wetu alikuwa akisafisha faili za zamani. Baadaye akaja mlangoni, sauti imemkauka: "Mzee, ile folda ya mwaka huu siioni." Alikuwa ameifuta, na diski zote mbili zilitii amri palepale. RAID hukulinda diski ikifa. Haikulindi dhidi ya mkono uliokosea, virusi, moto wala mwizi anayebeba sanduku zima. Ndani ya NAS kulikuwa na kikapu cha faili zilizofutwa, lakini hakuna aliyekiwasha. Nakala pekee tuliyokuwa nayo nje ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Tuliomba hati upya kwa wateja, mmoja baada ya mwingine. Wengi walitusaidia. Mmoja alituma zake, akashukuru, na hajarudi tena. Kijana sikumfukuza, maana aliyepaswa kuweka akiba ni mimi.

Tangu siku hiyo tunafuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwetu ya kwanza iko kwenye NAS, ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa kisha kuchomolewa, na ya tatu huenda kwenye wingu kila usiku. Kikapu kimewashwa. Kila mwisho wa mwezi nachagua faili moja na kujaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala, maana nakala ambayo hujawahi kuijaribu huwezi kuitegemea.

Sheria ya Taratibu za Ushuru inatutaka tuhifadhi rekodi kwa miaka 5. Diski inaweza kufa kabla ya hapo. Basi ukienda kuulizia bei ya NAS, ulizia na bei ya diski ya akiba na UPS. Kama fedha hazitoshi vyote vitatu, anza na diski ya akiba.