Haisomi au haisomeki?

Kwenye meza za mafundi wa redio za magari, neno "haisomi" hubebeshwa kila lawama. Kompyuta haijaitambua programa, kile kifaa cha kusoma chipu za kumbukumbu: haisomi. Chipu imeungua: haisomi. Kiswahili kina kiambishi cha kutenganisha mambo haya, nacho ni -ek-. Programa husoma, chipu husomeka.

Tofauti hiyo humwonyesha fundi pa kuanzia. Kompyuta isipoiona programa, kagua draiva, waya na tundu la USB, maana hapo programa ndiyo haisomi. Ikionekana, lakini kila baiti inarudi FF, basi shaka ihamie kwenye chipu. Huenda ni tupu kweli, kwani FF ndiyo hali ya chipu iliyofutwa. Mara nyingi, hata hivyo, chipu haisomeki kwa sababu klipu ya programa haijashika miguu vizuri, au imegeuzwa: waya mwekundu uende kwenye mguu wa kwanza, ule wenye kitone. Na chipu ikiwa bado kwenye bodi, umeme wa programa unaweza kuiamsha prosesa ya redio, nayo ikagombania laini zile zile. Ing'oe chipu, uisome peke yake. Tazama pia namba ya mgongoni mwa chipu: zile za 24C na 93C huwa na miguu minane, lakini hazizungumzi kwa itifaki moja.

Soma mara mbili, ulinganishe mafaili. Yakitofautiana, chipu haijasomeka bado. Usiandike chochote ndani yake kabla ya kuhifadhi nakala mbili zinazofanana. Katika redio nyingi, namba ya siri ya redio ya mteja imo ndani ya chipu hiyo.