ROCKABILLY YA KWETU ILIPIGWA NAIROBI, NA SOMO LAKE BADO LINATUHUSU NGARA NA BIHARAMULO

Leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani, tunarudi nyuma zaidi ya miaka 60. Kuna muziki unaitwa rockabilly. Jina lenyewe limeungwa kutoka "rock" na "hillbilly", na hillbilly kule Marekani ni neno la kumcheka mshamba wa milimani. Kwa hiyo sisi wa Ngara, wenye vilima kila unakogeukia, huu muziki tusiucheke. Ni wa wenzetu.

Vijana wa kizungu wa vijijini kusini mwa Marekani, miaka ya 1950, walichukua muziki wa kantri waliokua nao nyumbani, wakauchanganya na bluzi za watu weusi, wakaongeza spidi. Gitaa, besi, ngoma chache, basi. Studio ndogo, hela ndogo, kelele kubwa.

Chukua bendi ya The Crickets, yaani Nyenje. Kiongozi wao Buddy Holly alitoka Lubbock, Texas. Mwaka 1956 alirekodi Nashville kwa kampuni ya Decca, na moja ya nyimbo ilikuwa "That'll Be the Day". Kampuni haikuutoa huo wimbo, ila mkataba ulimkataza kuurekodi tena popote kwa miaka 5. Umeona hiyo? Wimbo kautunga, lakini hana ruhusa nao.

Jamaa hakukaa kulia. Tarehe 25 Februari 1957 akaenda na wenzake mji mdogo wa Clovis, New Mexico, kwenye studio ya Norman Petty, wakaupiga upya. Ukatoka kwa jina la bendi ili jina la Holly lisionekane. Septemba mwaka huo huo ukawa namba moja Marekani. Novemba ikafuata albamu yao, "The 'Chirping' Crickets", nyimbo 12 ambazo zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. Nyimbo nne kati ya hizo walizirekodi wakiwa safarini kwenye ziara, ndani ya klabu ya maofisa kwenye kambi ya jeshi la anga huko Oklahoma. Kwenye "Not Fade Away" mpiga ngoma Jerry Allison anapiga boksi la karatasi. Boksi! Na wimbo ukaenda dunia nzima.

Ila hapa ndipo penyewe. Petty, mwenye studio, aliwekwa kama mtunzi mwenza kwenye nyimbo zao nyingi, na ndiye aliyekuwa meneja anayeshika hela. Mwishoni mwa 1958 Holly akaachana naye, hela zikakwama. Kwa kubanwa na maisha akakubali ziara ya kipindi cha baridi kali. Tarehe 3 Februari 1959 ndege ndogo aliyopanda ikaanguka. Alikuwa na miaka 22.

Sasa turudi kwetu, maana mambo haya haya yalikuwa yanachemka Afrika Mashariki. Santuri za kantri zilikuwa zimefika vijijini mapema sana. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, Kenya, wakimwimba mtu waliyemwita "Chemirocha". Huyo alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimba kantri wa Marekani aliyefariki 1933! Walisikia sauti yake kwenye gramafoni, wakampa jina la kwao na hadithi kwamba ni nusu mtu nusu mnyama.

Magharibi mwa Kenya, akina George Mukabi walicharaza gitaa kavu huku mwenzao akikwaruza chupa ya Fanta, zile za zamani zenye mistari. Wamarekani na boksi lao, sisi na chupa yetu. Asiye nacho popote alipo hupiga alichonacho.

Miaka ya 1960 ikaja twisti. Nairobi kulikuwa na studio ya Equator Sound chini ya Charles Worrod. Humo walikuwemo Fadhili William, Daudi Kabaka, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Gitaa la umeme, mdundo wa haraka, Kiswahili kinachoeleweka na mtoto. Kwangu mimi hiyo ndiyo rockabilly yetu. Tofauti ni kwamba soko la huku lilikuwa la santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, likaurudia "Helule Helule" wa Kabaka, ukafika namba 14 kwenye chati za Uingereza.

Na "Malaika" je? Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M, Angelique Kidjo. Kwenye karatasi Fadhili ndiye aliyetambuliwa, lakini Mtanzania Adam Salim alidai yeye ndiye mtunzi, na wapo wengine waliodai pia. Fadhili alifariki 2001 na ubishi ukabaki. Wimbo mkubwa kuliko wote wa Kiswahili, na mpaka leo ukiuliza ni wa nani, watu wanaanza kugombana.

Tanzania tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi pale, nyimbo zikabaki kwenye mikanda ya redio. Ukitaka santuri, safari ya Nairobi ilikuhusu, kwa sababu hapa kiwanda cha kuzitengeneza hatukuwa nacho. Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa kutoka Morogoro, santuri zake zilitolewa Kenya, na huko huko alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979.

Kwa nini nakuchosha na mambo ya kale? Kwa sababu leo studio zimetufikia hadi huku kwetu. Kompyuta moja, maiki moja, trei za mayai ukutani, dogo wa Nyakanazi au Kabanga anatoka na ngoma yake. Anayemrekodi anamwambia tulia, hela tutaongea baadaye. Akaunti ya YouTube inafunguliwa kwa barua pepe ya mwenye studio. Nyimbo zinasambaa kwenye memori kadi za bodaboda, na hakuna hata karatasi moja inayosema nani katunga.

Huyo ndiye Holly wa Clovis, ila yeye hana hata mkataba wa kuukwepa.

Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na COSOTA wapo wa kusajili kazi. Lakini kabla ya kufika huko, anza na daftari. Andika tarehe, jina la wimbo, nani katunga maneno, nani katengeneza biti, mmegawanaje, kila mtu asaini. Akaunti fungua kwa barua pepe yako mwenyewe. Ni kazi ya dakika kumi, na ifanyike kabla maiki haijawashwa. Wimbo ukishapendwa, kila mtu anakuwa mtunzi.