Sabato na Sikukuu katika Kiyunani cha Biblia

Wachungaji wengi wamepata kuulizwa na washarika wao: Je, Agano Jipya liliihamisha Sabato kutoka Jumamosi hadi Jumapili? Wako wanaojibu kwa haraka, wakitegemea neno moja la Kiyunani. Yafaa basi tuichunguze historia ya neno hilo.

Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuitafsiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 K.K., neno la Kiebrania shabbat walilichukua jinsi lilivyo, wakalivika mwisho wa Kiyunani: sabbaton, na mara nyingi sabbata. Umbo hili la pili lina sura ya wingi, lakini hutumika hata kwa siku moja. Kwa sikukuu, kinyume chake, walitumia heorte, neno ambalo Wayunani walikuwa wakiziitia sherehe za miungu yao. Hivyo sikukuu ilipewa jina la wenyeji, bali Sabato ikabaki na jina lake la ugenini.

Baadaye sabbaton lilipata maana ya pili, yaani juma zima. Farisayo wa Luka 18:12 hufunga mara mbili kwa sabbaton. Ni dhahiri kwamba hasemi habari za siku moja. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kushangaa, kwa maana neno letu juma latokana na jina la Kiarabu la Ijumaa, nalo likaja kutaja siku zote saba.

Kwa sababu hiyo maneno mia ton sabbaton katika Yohana 20:1 hayana maana ya "moja ya Sabato". Mia ni la jinsia ya kike, na sabbaton si la jinsia hiyo; linapatana na hemera, siku, ambalo halikutajwa. Maana yake ni siku ya kwanza ya juma. Siku hiyo ndiyo tuiitayo Jumapili, ingawa hesabu ya jina letu, inayoanza baada ya Ijumaa, huifanya ya pili.

Basi, Agano Jipya haliiiti siku ya ufufuo Sabato. Tena, katika Wakolosai 2:16 Paulo anaweka pamoja sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato, kama ilivyo katika 1 Nyakati 23:31, na kusema kwamba mtu asihukumiwe kwa ajili ya hayo.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, lilikwisha kukataa fundisho kwamba kuishika Jumapili mahali pa Sabato ni lazima kwa wokovu. Naye Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba siku hutakaswa kwa Neno la Mungu. Msharika akiuliza tena, tusimjibu kwa kulipinda neno la Kiyunani. Tumwambie kwamba tunakusanyika siku ya kwanza kwa sababu Bwana alifufuka, na kwamba raha ya Sabato, sabbatismos ya Waebrania 4:9, ingali imewekwa kwa watu wa Mungu.