Hoopfest ya Spokane: Historia ya Mashindano ya Kikapu Barabarani

Katika historia ya mpira wa kikapu wa mitaani nchini Marekani, mji wa Spokane, ulioko mashariki mwa jimbo la Washington, una nafasi ya pekee, kwani mashindano ya Hoopfest yaliyoanzishwa hapo mwaka 1990 yamekua hadi kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya aina yake duniani. Aina hiyo ni ya watatu kwa watatu, yaani mchezo unaochezwa kwenye nusu ya uwanja kwa kutumia kikapu kimoja, ambapo timu husajili wachezaji wanne, mmoja akiwa wa akiba. Mfano ulikwisha kupatikana Michigan, ambako mashindano ya Gus Macker yalianza mwaka 1974 mbele ya nyumba ya familia moja ya mji wa Lowell, yakiwa na vijana 18 tu.

Spokane ilikuzwa na reli, mbao na biashara ya migodi, na ni maonyesho ya dunia ya mwaka 1974 yaliyoondoa njia za reli kando ya maporomoko ya mto wake na kuuachia mji bustani kubwa. Kuizunguka bustani hiyo, kila mwishoni mwa Juni, barabara hufungwa kwa siku mbili, mistari ikachorwa juu ya lami na vikapu vya kuhamishika vikasimikwa kwenye viwanja zaidi ya 400. Wachezaji wapatao 2,000 wa mwaka wa kwanza waliongezeka, katika miaka ya kilele, hadi kupita 25,000, nao hupangwa kwa umri, kimo na uzoefu, hata mtoto wa shule, mama wa makamo na aliyewahi kuchezea chuo kikuu kila mmoja akapata wa kushindana naye.

Wingi huo usingewezekana kwa waamuzi wa kulipwa. Kazi hufanywa na maelfu ya watu wa kujitolea, wakiwemo wasimamizi wa viwanja, ambao huandika pointi na kukata mabishano, ingawa mabishano, kama ilivyo desturi ya mchezo wa mitaani, hayaishi.

Wenye hoteli na migahawa husifu zaidi wageni wanaojaza vyumba na meza zao, na sifa hiyo ni ya haki, lakini faida hiyo haizidi sana siku za mashindano yenyewe. Lenye uzito zaidi ni kwamba waendeshaji ni taasisi isiyogawana faida, ambayo ziada yake imesaidia kujenga na kukarabati viwanja vya kikapu katika bustani za umma, kiasi kwamba ada ya timu imegeuka mali ya mtaa. Mashindano yalifutwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, yakarejea barabarani mwaka 2022.