Urithi wa Monasteri katika Njia ya Misafara ya Tabora

Historia ya Kanisa Katoliki katika Tanzania ya magharibi husimuliwa mara nyingi kwa safari za wamisionari, ilhali kilichodumu ni nyumba walizojenga, ambazo ziliendeshwa kwa desturi zilizokomaa katika monasteri za Ulaya karne nyingi kabla ya padre wa kwanza kufika Tabora.

Monasteri ni makazi ya watawa wanaoishi pamoja chini ya kanuni moja, na ikiwa inaongozwa na abati, yaani mkuu anayechaguliwa na watawa wenyewe, huitwa abasia. Kanuni iliyoenea zaidi ni ya Mtakatifu Benedikto, ambaye kwa mapokeo alianzisha monasteri ya Monte Cassino, Italia, mwaka 529. Kanuni hiyo iliigawa siku kati ya sala, kazi na usomaji, ikamfunga mtawa kwa nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake, na ikaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Ndiyo maana monasteri za zama za kati zilikuwa na mashamba, vinu, vyumba vya wagonjwa na vya kunakilia vitabu. Hata hivyo, usalama wake ulitegemea watawala, na kwa sababu hiyo hati iliyoanzisha abasia ya Cluny, Ufaransa, mwaka 910 iliiondoa mikononi mwa mabwana wa nchi na kuiweka chini ya ulinzi wa Papa.

Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, hawakuwa wamonaki, yaani watawa wa monasteri, kwani shirika lao, lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, liliundwa kwa ajili ya kusafiri na kuhubiri. Lakini Lavigerie aliagiza kwamba wasipungue watatu katika kituo kimoja, wasali pamoja, na kila kituo kiandike shajara ya matukio yake. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, ukafuata njia ya wapagazi na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, ukampoteza Padre Joachim Pascal kabla ya kufika Tabora, kisha ukagawanyika, kundi moja likaelekea Ziwa Nyanza na jingine Ujiji.

Katika miaka ya 1880 mapadre hao walijenga Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, kituo cha kulelea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na hapo ndipo Askofu Léon Livinhac alipomweka wakfu Jean-Baptiste Charbonnier kuwa askofu mwaka 1887. Kituo hicho kilikuwa ndani ya utemi wa Unyanyembe uliotawaliwa na Mtemi Isike, bila ulinzi wa aina ile ya Cluny, hivyo Wajerumani walipoanza kuitwaa pwani kwa nguvu na chuki dhidi ya Wazungu ikaenea bara, mapadre walilazimika kukihama mwaka 1889. Chuki hiyo haikuwa bure, kwani Isike mwenyewe aliangamia mwaka 1893 wakati Wajerumani walipoiteka ngome yake.

Baadaye Kanisa lilirudi Kipalapala, likajenga seminari kuu, yaani chuo cha kuwaandaa mapadre, na kiwanda cha uchapaji cha Tanganyika Mission Press, ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vilitimiza kazi ambayo wanakili wa zama za kati waliifanya kwa kalamu.

Umonaki wenyewe ulifika magharibi kwa njia nyingine. Wabenedikto wa Kijerumani waliimarika kusini, Peramiho na Ndanda. Kutoka kusini huko ikazaliwa Hanga, monasteri ya wamonaki Waafrika, ambayo mwaka 1979 ilianzisha Mvimwa, mkoani Rukwa, iliyopewa hadhi ya abasia mwaka 2001. Monasteri za kale zilitafuta usalama katika hati za wakuu, na Kipalapala ya kwanza ilivunjika kwa kuhesabiwa kuwa nyumba ya watu wa kigeni; Mvimwa imesimama juu ya msingi ulio imara zaidi, kwa sababu watawa wanaoilima ardhi yake na kuimba sala zake ni wana wa nchi hiyo wenyewe.